Kopo Halirudi Tupu

Koboko, 2 Juni 2024

Kaka Duku,

Hujambo? Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio usiniulize. Barua hii inakuja kwa mkono wa Mama Sadiya, yule anayepeleka unga wa muhogo Arua kila Jumanne na Ijumaa. Simu hapa shuleni ni marufuku, na kila barua inafunguliwa na Madam Nora, naibu wa mkuu wa shule. Usiogope. Madam Nora ametoka upande wa Jinja, na kwake Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Anaitazama barua, anakunja uso, anapiga mhuri, basi. Kwa hiyo nitakuambia kila kitu.

Unamjua Patience Candia. Tulipokuwa naye shule ya Arua alikuwa akija nami pale kwako Pajulu, tukiokota vipande vya tyubu chini ya benchi lako. Wewe ukatuhurumia, ukatupa mikanda ya tyubu nyekundu ya zamani, zile unazonunua Ariwara. Kwa mikanda ile tulimtengeneza Punda, mtambo wetu wa kurusha mpira. Tulimwita Punda kwa sababu ya teke lake. Fremu ya mbao niliipiga misumari mimi. Mkono wake niliuchonga mimi. Yale matundu kumi na mawili ya kukazia mikanda niliyatoboa mimi kwa msumari wa moto. Namba za kila tundu, mpira unafika mita ngapi, tuliziandika pamoja, tukilala kifudifudi kwa zamu.

Kisha bibi akafariki Kuluba. Unajua desturi yetu: mjukuu aliyelelewa na marehemu haondoki mpaka matanga yaanuliwe. Mashindano yalifanyika siku ya tatu ya matanga. Niliporudi Arua nilikuta picha kubwa kwenye ubao wa matangazo, Patience amemshika Punda begani, na chini yake maneno: "Patience Candia, aliyebuni mtambo." Jina langu halikuwapo hata kwa herufi za mchwa. Niliyasoma mara tatu. Kisha nikaenda bwenini nikafunga sanduku langu. Nyote mlidhani nilihama kwa sababu baba alihamia Koboko. Niliomba mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mashindano ya mwaka huu ni tarehe 20 Julai, Arua, shule zote za West Nile. Mpira wa tenisi unarushwa mara tano, umbali unatolewa kwa kura kati ya mita tatu na nane, na lazima uangukie ndani ya beseni. Mshindi anakwenda Kampala. Mimi ni kiongozi wa timu yetu, yeye ni kiongozi wa kwao. Kumshinda tu hakunitoshi, kaka. Nataka Punda amgeuke mbele ya watu, mbele ya waamuzi, mbele ya mwalimu wake Obitre aliyeandika maneno yale. Wewe umeziba tyubu tangu sijajua kusoma. Niambie kitu kinachoua tyubu kwa ndani huku nje ikionekana nzima.

Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Night


Pajulu, 7 Juni 2024

Mdogo yangu Night,

Barua nimepata. Mimi naandika tu vile nasema, wewe ndiye ulisoma, usicheke.

Ile kitu unauliza iko mafuta ya taa. Ukilaza tyubu ndani siku moja, inavimba kama mguu ya mutu mgonjwa. Ukitoa, ukaosha na sabuni, ukaanika kwa kivuli siku tatu, inarudi ndogo, inakuwa kama mzima. Ukivuta kidogo inakubali. Ukivuta sana inakatika. Kila wiki wateja wananiletea. Wanabeba jerikeni kwa keria, mafuta inamwagikia tairi, halafu wanazunguka soko wanasema Duku hajui kazi.

Nimekuambia kwa sababu wewe iko damu yangu, na mimi mdomo haina breki. Sasa na mimi nauliza. Tyubu ikikatika iko na hasira. Inarudi kwa ile mutu iko karibu. Alama ya shavu yangu unaijua, ilitoka hapo. Nani atakaa karibu na hiyo Punda?

Ya pili. Huyu Patience, ulimuuliza? Kila Jumamosi anapita hapa, anasalimia vizuri, anauliza Night iko namna gani. Mimi sikusoma, lakini mutu ya kuiba hapiti kwa mlango ya mwenye mali kila wiki.

Kaka yako,
Duku


Arua, 9 Juni 2024

Night mwenzangu,

Mwaka mzima hukuniandikia hata mstari mmoja. Basi naanza mimi, maana wote wawili tukikaza kamba itakatika. Mama amekutumia kopo la odi, ile siagi yake ya karanga uliyokuwa ukiila kwa kidole ukidhani hatukuoni. Anasema umekonda, ingawa hajakuona. Kopo ni lake, analipenda kuliko watoto wake, usilipoteze.

Nimesikia unaongoza timu ya Koboko. Nilicheka peke yangu darasani, Mwalimu Obitre akanisimamisha. Jitayarishe kupigwa, rafiki yangu, Punda bado yu hai. Mwalimu amempaka rangi ya buluu eti apendeze. Anafanana na mlango wa zahanati.

Tatizo langu ni mikanda. Ile ya zamani imechoka, mpira haufiki hata mita tano. Tyubu za dukani siku hizi ni nyeusi tupu, asubuhi kwenye baridi ina usingizi, mchana kwenye jua inaamka, huwezi kuiandikia namba ukaiamini. Nilikwenda kwa kaka Duku, akasema tyubu nyekundu ya mwisho ya kuuza alikupa wewe ulipohama. Kama una kipande cha ziada, nisaidie. Najua tunashindana. Lakini nitamwomba nani mwingine?

Bado nalala vilevile, kifudifudi, shavu kwenye mbao, jicho kando ya mkanda mpaka alama mbili ziwe mstari mmoja. Wenzangu wananishangaa. Nawaambia Night ndiye aliyenifundisha.

Kuna kitu chako nimekuwekea tangu mwaka jana. Si cha kutuma kwa gari. Tukionana tarehe ishirini nitakupa mkononi.

Wako,
Patience


Koboko, 15 Juni 2024

Patience mpenzi,

Barua yako imenipa furaha ambayo sikuitarajia. Nisamehe kwa kunyamaza. Shule mpya, walimu wapya, unajua mambo yalivyo. Mwambie mama odi ilikwisha siku mbili, na kidole changu bado kinamkumbuka.

Wewe unajua, nami najua, kopo la mtu halirudishwi tupu. Fungua uone. Ni mikanda kumi na miwili ya tyubu nyekundu, nimeikata mwenyewe upana wa kidole, kama zamani. Imebeba harufu ya karanga kidogo, usijali.

Jambo moja nakuomba kwa mapenzi: usiichoshe kwa mazoezi. Mkanda mwekundu una nguvu ya ajabu siku ya kwanza, baada ya hapo unapungua. Fanyia mazoezi mikanda yako mibovu, ujue tu mkono na mstari. Hii ifunge asubuhi ya mashindano, uikaze mpaka tundu la mwisho, umwache Punda apige teke mbele ya watu wote.

Nakutakia ushindi unaoustahili.

Wako daima,
Night


Koboko, 15 Juni 2024

Kaka,

Nimefanya. Siku nzima ya Jumatano mikanda yote kumi na miwili ililala ndani ya mafuta ya taa, kwenye debe nyuma ya maabara. Ilivimba kama ulivyosema. Nimeiosha mara nne kwa sabuni ya unga, nikaianika chini ya kitanda siku tatu, nikaitia kwenye kopo la odi ili karanga zifunike harufu iliyobaki. Ukiivuta kwa vidole inacheka nawe. Mimi mwenyewe nisingejua.

Sunday, mwenzangu kwenye timu, nusura alie. Ile ndiyo tyubu nyekundu pekee tuliyokuwa nayo, na mimi nimeikata yote nikampa mpinzani. Anadhani nina moyo mwema kupita kiasi. Nikamwambia sisi tutatumia nyeusi, tutaipima vizuri, tutaweza. Hata tusipoweza sijali. Bora nishindwe nikiwa nimesimama nikimtazama.

Tena soma alichoandika. Anasema amefundishwa na mimi, anawaambia watu hivyo. Kwa nini asiandike hivyo chini ya picha? Anasema ana kitu changu cha kunipa mkononi. Najua ni nini, ni kalamu au leso, zawadi ya kumnyamazisha mtu uliyemla. Shukrani ya punda ni mateke, na hilo teke linakuja.

Umeuliza nani atakaa karibu na mtambo. Usiniulize habari ya nani analala wapi.

Mdogo wako,
Night


Arua, 26 Juni 2024

Night,

Kopo limefika salama. Nimelifungua mwenyewe, mama akiwa sokoni.

Nakurudishia likiwa na simsim aliyoikaanga mama, na chini ya simsim utakuta mikanda sita. Nimefikiri sana. Tulimtengeneza Punda wawili, si haki mmoja awe na mikanda kumi na miwili na mwingine hana. Mimi nina sita, wewe una sita. Siku ile turushe kwa tyubu moja, atakayeshinda ashinde kwa mkono na jicho. Ifunge kwenye mtambo wenu.

Nimesikia ushauri wako kuhusu kutoichosha. Umenishauri vizuri.

Patience


Pajulu, 28 Juni 2024

Mdogo yangu,

Kopo ya mama Patience ilipita kwangu kabla ya kuja huko. Ile mikanda sita iko ndani, usitupe. Funga kwa mtambo yako. Nasema hii kama fundi, na sitasema ingine, usiniulize.

Hapa mvua iko kidogo kila asubuhi. Baiskeli yangu imelala, siku hizi natembea kwa mguu mpaka Arua na kurudi. Si mbaya, mutu anaona vitu mingi akitembea.

Duku


Koboko, 5 Julai 2024

Kaka Duku,

Umenichekesha mpaka Madam Nora akauliza barua inasema nini. Nikamwambia kaka yangu anatembea kwa miguu.

Yaani wewe ndiye uliyenifundisha ile dawa, halafu unaniambia niifunge kwenye mtambo wangu mwenyewe? Umesahau ile mikanda ilikotoka? Patience amekata zawadi yangu nusu akanirudishia, eti haki. Hapo ndipo namchukia zaidi. Anagawa vya watu ili aonekane mwema, kama alivyogawana nami Punda, mimi nipate jasho, yeye apate picha. Nimeitupa chooni, mkanda mmoja mmoja, sita. Sikuigusa zaidi ya kuishika kwa ncha za vidole. Sunday alikuwa mlangoni, akauliza nina wazimu gani. Nikampita.

Hata simsim sikuionja. Niliitazama nikaanza kuwaza alichotia ndani. Nikawamwagia kuku wa mpishi. Kuku wamenenepa.

Mtambo wetu unakwenda vizuri. Tunaruhusiwa kufanya mazoezi saa nane baada ya chakula, jua likiwa kali. Tumerusha mara mia mbili na kitu. Tundu la tano linatupa mita nne, la nane mita sita na robo, la kumi na moja mita nane kasoro kidogo. Nimeziandika namba ukutani kwa chaki juu ya kitanda changu, na chini yake nimeandika siku zilizobaki. Ni kumi na tano.

Akibaki na sita inatosha. Punda anahitaji minne tu.

Night


Koboko, 12 Julai 2024

Patience mpenzi,

Asante kwa mikanda na simsim. Una roho ya pekee. Namrudishia mama kopo lake likiwa na asali kidogo, Mama Sadiya aliipata Ludara kwa shemeji yake.

Yako sita umeitunza? Usiivute kabla ya siku.

Nina ushauri mwingine mdogo. Waamuzi wa mwaka huu, nasikia, wanapenda kiongozi asimame wima kando ya mtambo, mbali kidogo, aonekane anajiamini. Ile tabia yetu ya kulala chini iache. Utachafua sare, na watu watakucheka. Mwache mwenzako yeyote avute kamba kutoka nyuma. Wewe usiweke uso karibu. Naomba ukumbuke hilo.

Night


Arua, 22 Julai 2024

Night,

Sitaandika "mpenzi". Wewe umeliandika mara mbili, linatutosha wote wawili.

Nimeshinda. Ulikuwapo, uliona. Mipira minne kati ya mitano ndani ya beseni, na wa tano uligonga ukingo. Niliona na yenu. Ule wa kwanza ulianguka hatua nzima mbele ya beseni, wa pili vilevile, kwa wa tatu ulikaza mikanda mpaka tundu la mwisho, mpira ukapita juu ya vichwa vya waamuzi. Asubuhi ile ilikuwa na manyunyu, na mtambo wenu ulikuwa na mikanda myeusi iliyopimwa kwenye jua la mchana. Nilikuandikia mwezi wa sita kwamba nyeusi ina usingizi asubuhi. Hukunisoma. Ulikuwa ukitafuta maneno ya kukuchoma, hayo mengine ukayaruka.

Sasa nisome vizuri, maana siandiki tena.

Ulikaa kwetu likizo mbili, ukalalamika kwamba blanketi linanuka mafuta ya taa. Linanuka kwa sababu mama yangu anauza mafuta ya taa kwa chupa, tangu kabla sijazaliwa. Unajua hivyo. Ulibeba faneli yake ukamsaidia kumimina. Halafu ukanitumia mafuta yale yale ndani ya kopo lake, ukadhani karanga zitanidanganya pua. Nilifungua kifuniko, nikajua kabla sijaona kitu. Nikachukua mkanda mmoja, nikaufunga kwenye komeo la mlango nikauvuta kwa kitambaa. Ulikatika, ukachana kitambaa. Nilikaa chini pale mlangoni mpaka mama aliporudi.

Siku ya pili nilikwenda Pajulu na kopo. Kaka yako alinusa, akakaa juu ya benchi lake. Sikumlazimisha. Alisema, "Patience, mimi ndiye nimefundisha yeye. Nikamate mimi, mtoto mwache asome." Nilimwambia sitampeleka mtu popote, mradi aape kutokukuambia lolote. Akaapa. Kisha akaigeuza baiskeli yake mwenyewe miguu juu, akatoa tyubu ya gurudumu la nyuma, nyekundu, ya mwisho kabisa aliyokuwa ameificha kwa ajili yake, akaikata mikanda kumi na miwili. Alisema sita yangu, sita ya mdogo wake. Ndiyo hiyo niliyokutumia chini ya simsim. Ilikuwa mizima, Night. Ilikuwa ya kaka yako. Ndiyo maana anatembea.

Ningeweza kukuandikia kwamba ni mizima. Nilikwisha kuanza sentensi hiyo, nikaifuta. Sikutaka ujue. Asiye na neno angeifunga kwenye mtambo wake akashukuru. Anayejua alichotia ndani ya kopo angeitupa. Nilitaka uchague kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nione.

Basi asubuhi ile nilipomwona Sunday akifungua turubai lenu, nikaona weusi, nilijua umeitupa. Nilifurahi. Sitakudanganya kama ulivyonidanganya. Nikalala kifudifudi mbele ya watu wote, shavu kwenye mbao, jicho kando ya mkanda, makusudi, nikijua unanitazama. Uliponiona nikilala ulifunga macho. Nilikuona.

Kwa sababu hiyo nalazimika kusema na jambo la pili. Ile barua yako ya mwisho, ya kusimama wima, ndiyo iliyonionyesha kwamba siku zote ulijua jicho langu litakuwa wapi. Ulijua tangu ulipomwaga mafuta. Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyonizuia kumpelekea Madam Nora wenu, niliyesimuliwa na kaka yako, mikanda yako pamoja na tafsiri ya barua zako. Uliniua kwa mkono mmoja, kwa mwingine ukanivuta nguo nisimame. Sijui nikuite nini.

Na sasa ile picha. Sikuandika mimi yale maneno, aliyaandika Mwalimu Obitre. Lakini sikuyaondoa. Nilipita chini ya picha ile kila siku, nikaipenda. Hilo ni kosa langu, nalikubali, na kama ungekuja ukanizaba kofi la uso ningelipokea. Hukuja. Hukuuliza. Ulifunga sanduku.

Laiti ungeuliza, ningekuonyesha kilicho ndani ya kopo. Mwaka jana walipotaka kunipa cheti chenye jina moja nilikataa kushuka jukwaani. Nilisema mwenzangu yuko msibani Kuluba, na mtambo ni wake kuliko wangu. Walikasirika, wakachukua kalamu, wakaandika jina lako juu na langu chini, wakapiga mhuri. Nimekitunza mwaka mzima ndani ya Biblia ya mama. Hicho ndicho nilichotaka kukupa mkononi tarehe ishirini. Kilikuwa mfukoni mwangu. Mlipanda gari lenu kabla ya kutangazwa matokeo.

Kichukue. Kiko chini, juu yake nimeweka mikanda yako kumi na mmoja na vipande viwili vya ule uliokatika, hesabu yako imetimia. Asali nilimpa mama, mimi sikuionja.

Kopo la mtu halirudi tupu. Mimi nimelijaza.

Patience Candia


Koboko, 30 Julai 2024

Kaka Duku,

Baiskeli yako imelala kwa ajili yangu na hukusema. Nimekuchekea kwa Madam Nora kwamba unatembea kwa miguu. Sina neno la kulipia hilo, kwa hiyo silitafuti. Likizo ikifika nitakuja Pajulu, nitaziba tyubu nawe mpaka unifukuze.

Jana nilikwenda nyuma ya choo nikasimama kama mjinga. Sunday alinifuata, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba aliuvuta mkanda mmoja wa mle koponi kabla sijautupa, akaona ulivyo mzuri, akaja mlangoni kuniambia, na mimi nikampita.

Nilijaribu kumchukia tena Patience. Nilikaa kitandani nikarudia yote tangu mwanzo, ile picha, yale maneno, matanga ya bibi. Nikasoma barua yake mara ya nne nikitafuta mahali pa kushika. Kweli alifurahi, amesema mwenyewe. Kweli alinitega. Kweli aliipenda ile picha. Lakini kila nikishika hapo nauona mkono wangu umetangulia.

Cheti nimekifungua. Jina langu limeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa haraka, herufi zimebanana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Liko juu ya lake. Kimechukua harufu ya mafuta ya taa kutoka kwenye ile mikanda, na haitoki. Nimekianika dirishani siku tatu.

Kopo la mama Patience liko juu ya sanduku langu, limeoshwa. Mama Sadiya anaondoka Ijumaa, ameniuliza mara mbili kama nina mzigo wa Arua. Sunday amenipa karanga, nikamrudishia. Mpishi amenipa mayai ya wale kuku, nikayatazama nikayaacha. Nimelifungua na kulifunga tangu juzi, kaka, na sioni kitu nilicho nacho ambacho yule mama anaweza kukila bila kunusa kwanza.

Night